Jinsi ya Kulinganisha Mafunjo ya Kinamasini na Panya Buku wa Msituni

Ukihesabu mashina ya mafunjo katika mita moja ya mraba, kisha ukahesabu panya buku katika hekta nzima ya msitu, utakuwa na namba mbili zisizojuana. Ya kwanza inahusu mmea uliosimama mahali pamoja na unaojizalisha kwa mashina ya chini ya tope. Ya pili inamhusu mnyama anayetoka usiku na kurudi shimoni kabla ya kupambazuka. Hata hivyo ulinganisho unawezekana, na pale ambapo kinamasi kimepakana na msitu una faida kubwa, kwa sababu anayepanga matumizi ya eneo lazima ajue kila upande unabeba nini na unapona kwa kasi gani. Kinachotakiwa ni kupima kila kiumbe kwa njia inayomfaa, halafu kugeuza matokeo yote mawili yawe kipimo kimoja: uzito mkavu kwa hekta, au muda. Usijaribu njia ya mkato kati ya hatua hizo mbili.

Hakikisha unapima unachodhani unapima

Jina la mtaani halitoshi. Neno mafunjo hutumika kwa mimea kadhaa ya jamii moja, na wengine huyachanganya na matete. Mafunjo yanayozungumzwa hapa ni *Cyperus papyrus*. Kata shina ulitazame: lina pembe tatu, ndani limejaa nyama nyeupe nyepesi kama sponji, halina vifundo, na juu kabisa lina kichwa cha nyuzi nyingi za kijani zilizotawanyika. Matete yana shina la mviringo, lenye uwazi ndani na vifundo, na majani yake hutoka kando ya shina. Mafunjo yaliyokomaa hufika mita 4 hadi 5 kwenda juu, ila katika maji yenye rutuba ndogo huwa mafupi zaidi. Kwa hiyo usiyatambue kwa urefu.

Upande wa msitu, panya buku huchanganywa na ndezi. Ndezi ana mkia mfupi, manyoya magumu kama miiba laini, na meno ya mbele ya juu yana mifereji. Panya buku ana mkia mrefu kuliko mwili, mweusi upande wa mwilini na mweupe kuelekea ncha, masikio makubwa yasiyo na manyoya mengi, na mifuko ndani ya mashavu anayobebea chakula. Katika misitu ya Kongo hadi magharibi mwa Uganda utamkuta *Cricetomys emini*, mwenye manyoya mafupi laini na tumbo jeupe lililotengana vizuri na kahawia ya mgongo. Tanzania na Kenya wengi huwekwa katika *Cricetomys ansorgei*, yule yule anayefunzwa Morogoro kunusa mabomu ya ardhini na vimelea vya kifua kikuu. Yeye huishi msituni, kingoni mwa msitu na hata mashambani, kwa hiyo kumnasa karibu na shamba si ushahidi wa idadi ya panya wa msituni. Spishi za jenasi hii zinafanana sana kwa macho. Chukua kipande cha sikio chenye upana wa milimita 2, kihifadhi katika ethanoli ya asilimia 95, na uandike namba ile ile ya mnyama kwenye kichupa. Kipande hicho kitamaliza ubishi baadaye.

Vibali hushughulikiwa mapema kuliko vifaa. Kila nchi ina chombo cha kusimamia utafiti na kingine cha wanyamapori: Tanzania utahitaji COSTECH na TAWIRI, Kenya NACOSTI na WRTI, Uganda UNCST na UWA, pamoja na idhini ya wasimamizi wa msitu na ya kijiji chenye kinamasi.

Swali kabla ya kamba na mitego

Kuna maswali matatu yanayokubali viumbe hawa wawili kwa pamoja. La kwanza: kila hekta inabeba uzito kiasi gani wa kiumbe huyu? La pili: kizazi kilichopo sasa kinaondoka na kupokewa na kingine kwa kasi gani? La tatu: baada ya kuvunwa au kuwindwa, hali ya awali inarudi kwa muda gani? Swali la "nani wengi zaidi" liache kabisa. Mafunjo hayana mtu mmoja mmoja wa kuhesabiwa: mashina mia moja yanaweza kuwa ya mmea mmoja uliotambaa kwa rizomu yake, yaani shina la chini ya tope, ilhali kila panya ni mnyama kamili. Ukilinganisha hesabu ya mashina na hesabu ya wanyama, unalinganisha vidole na watu.

Amua pia idadi ya maeneo. Kinamasi kimoja na msitu mmoja vinakupa sampuli moja kwa kila upande, hata ukiweka fremu 200 za kuhesabia ndani yake. Ukiwa na vinamasi pungufu ya vitatu na misitu pungufu ya mitatu, andika ripoti ya maeneo hayo tu, usizungumzie spishi kwa ujumla. Pima pande zote mbili ndani ya msimu mmoja, kisha rudia msimu mwingine. Kupima mafunjo wakati wa masika na panya wakati wa kiangazi kunaingiza tofauti ya mvua ndani ya jibu, na hakuna hesabu itakayoiondoa baadaye.

Kupima mafunjo

Usalama kwanza, maana vinamasi vinaua. Mafunjo mengi huelea: unachokanyaga ni zulia la rizomu na mizizi juu ya maji yenye kina. Nendeni wawili au zaidi, mkiwa na kamba na jaketi la kuokolea. Tumieni mbao mbili za upana wa sentimita 30 na urefu wa mita 2, moja ya kusimamia na nyingine ya kusogeza mbele. Waulizeni wavuvi kuhusu viboko na mamba kabla ya kuingia, na vaeni buti ndefu zisizopitisha maji, kwa sababu kichocho hakionekani kwa macho.

Mafunjo ya ukingoni mwa maji hayafanani na ya upande wa nchi kavu kwa urefu wala kwa msongamano. Kwa hiyo piga mstari unaotoka kwenye maji wazi kwenda nchi kavu, na uweke fremu kila baada ya mita 20. Mistari mitatu kwa kila kinamasi, ikitengana kwa angalau mita 100, ni kiwango cha chini kinachofaa. Pa kuanzia kila mstari pachaguliwe kwa namba za bahati nasibu, si kwa jicho. Jicho hupenda mahali penye mafunjo mazuri na pepesi kupita, na huo ndio upendeleo unaoharibu kazi nyingi za vinamasini.

Fremu ya kawaida ya mita 1 kwa mita 1 haiwezi kuteremshwa kutoka juu ya mashina ya mita 4. Tengeneza ya mabomba ya plastiki inayofunguka upande mmoja: ingiza pande tatu kati ya mashina usawa wa chini, kisha funga wa nne. Hesabu shina ikiwa kitako chake kiko ndani. Linaloangukia kwenye bomba lenyewe lihesabiwe kwa pande mbili ulizochagua tangu mwanzo, na lisihesabiwe kwa pande mbili zilizobaki. Bila kanuni hiyo utaongeza mashina ya pembeni kila mara bila kujijua.

Gawanya mashina katika makundi matatu: machipukizi ambayo kichwa bado kimefungwa, mashina ya kijani yenye kichwa kilichofunguka, na mashina yaliyokauka lakini bado yamesimama. Kundi la tatu liandikwe peke yake. Wapimaji wengi hulijumlisha na yaliyo hai kisha hulinganisha jumla hiyo na panya walio hai tu, na kwa kufanya hivyo mmea umepewa wafu wake huku mnyama akinyimwa wa kwake.

Uzito hupatikana kwa kukata mashina machache na kukadiria mengine. Kata mashina 30 yenye unene tofauti, kuanzia membamba hadi manene kabisa, nje ya fremu zako. Kabla ya kukata, pima mzingo kwa utepe laini, sentimita 50 juu ya kitako. Shina lina pembe tatu, hivyo kalipa, kifaa cha kupimia kipenyo, itakupa kipenyo tofauti kila ukiizungusha, lakini utepe hautakusumbua. Kata kila shina vipande vya sentimita 20 na upasue kila kipande kwa urefu, kwa sababu nyama ya ndani hushikilia maji kwa ukaidi. Kausha kwenye oveni ya maabara kwa nyuzi joto 70 za Selsiasi, pima kila siku, na usimame pale ambapo mizani haishuki tena. Kuanika juani hakutoshi: vipande huonekana vikavu huku vikiwa bado na unyevu, na unyevu huo utauzidisha kwa maelfu ya mashina.

Chora mchoro wa logi (logariti) ya uzito mkavu dhidi ya logi ya mzingo. Nukta zikijipanga kwenye mstari, tumia mlinganyo wake kukadiria uzito wa kila shina ulilopima mzingo ndani ya fremu. Nukta zikitawanyika, kata mashina 15 zaidi, na tenga machipukizi yawe na mlinganyo wao.

Rizomu na mizizi ni sehemu kubwa ya mmea huu, lakini sishauri kuipima isipokuwa swali linalazimu. Inahitaji msumeno wa kukata kipande cha zulia cha sentimita 50 kwa 50, huoza haraka, na huacha tundu ambalo mtu anaweza kutumbukia. Ukikata, weka kijiti chenye bendera. Usipokata, andika wazi kwamba uzito wako ni wa juu ya maji tu.

Kupima panya buku

Hapa ndipo makosa ni mengi zaidi, na gharama yake hulipwa na mnyama. Tumia mitego ya kizimba ya waya, yenye urefu wa sentimita 60 hivi na upana na kimo cha sentimita 20. Mtego mdogo wa panya wa kawaida utamponda mkia au hautamnasa kabisa, na mtego wa kuua haufai, kwa kuwa hesabu inategemea kumwona mnyama yule yule mara ya pili.

Panga gridi ya mitego 7 kwa 7, kila mmoja mita 30 kutoka kwa mwenzake. Utakuwa na mitego 49 kwenye mraba wa mita 180. Uko huru kusogeza mtego hadi mita 2 kutoka alama yake ili uukalishe kando ya gogo, kwenye mizizi mikubwa ya mti au kwenye kijia kinachoonekana. Zaidi ya hapo gridi inapoteza maana.

1. Kwa siku tatu acha milango wazi, ikishikiliwa kwa waya isijifunge, chambo kikiwa ndani. Ndizi mbivu iliyopakwa siagi ya karanga inafaa, na mawese pia. Panya watazoea kuingia.
2. Usiku wa nne hadi wa sita, tega. Weka chambo saa 11 jioni, kagua saa 12 asubuhi, kisha funga mitego yote mchana ili usinase wanyama wengine na kuwaua kwa joto.
3. Mpime, mtie alama, mwachie pale pale aliponaswa.
4. Pumzika usiku mmoja.
5. Tega tena usiku mitatu. Andika waliokuja na alama na waliokuja bila alama.

Funika kila mtego kwa majani makavu, juu na ubavuni, kwa ajili ya mvua na baridi. Siafu ndio hatari kubwa: kundi likimkuta mnyama kizimbani, asubuhi utakuta mabaki. Tembea gridi nzima jioni, na mtego wowote ulio karibu na msafara wa siafu uondoe usiku huo, hata kama unaacha pengo.

Panya buku huuma hadi mfupani. Vaa glavu nene za ngozi, na chini yake glavu za mpira, kwa sababu wagugunaji hubeba magonjwa yanayompata binadamu. Mlipuko wa ugonjwa wa mpox wa Marekani mwaka 2003 ulifuatiliwa hadi kwenye shehena ya wanyama kutoka Ghana iliyokuwa na panya buku ndani yake. Weka mdomo wa mfuko mzito wa kitambaa kwenye mlango wa kizimba, fungua, mpulizie kidogo kwa nyuma, naye ataingia gizani mwenyewe. Usimwinue kwa mkia. Mpime ndani ya mfuko kwa mizani ya springi ya kilo 2.5, kisha pima mfuko mtupu na utoe. Mtu mzima kwa kawaida huwa kati ya kilo 1 na 1.5. Papasa mashavu kwa nje kabla ya kuandika, kwani yaliyojaa ndizi yataongeza uzito ambao si wake. Jike mwenye chuchu zilizovimba aachiwe kwanza, kabla ya wote, maana ana watoto shimoni.

Alama bora ni chipu ndogo ya utambulisho inayodungwa chini ya ngozi kati ya mabega. Kipini cha sikio ni rahisi zaidi ila hung'oka, na kila kinachong'oka kinamgeuza mnyama wa zamani kuwa mgeni katika hesabu yako. Kwenye manyoya unaweza kuona wadudu bapa wasio na mabawa wakikimbia. Hao ni *Hemimerus*, wanaoishi juu ya panya hawa. Usiwachukue kwa kupe wala viroboto.

Kuziweka namba pamoja

Mfano ufuatao umetungwa kwa ajili ya hesabu tu. Katika usiku mitatu ya kwanza umetia alama panya 11. Katika mitatu ya pili umenasa 9, na 5 kati yao wana alama. Tumia kanuni ya Chapman: ongeza 1 kwenye kila namba, zidisha mbili za kwanza, gawa kwa ya tatu, toa 1. Yaani 12 × 10 ÷ 6 − 1 = 19.

Sasa eneo. Ukigawa 19 kwa hekta 3.24 za gridi, utapata karibu panya 5.9 kwa hekta, nawe utakuwa umekosea maradufu. Panya wa nje ya gridi nao hufuata harufu ya ndizi. Chukua kila mnyama aliyenaswa zaidi ya mara moja, pima umbali mrefu kabisa kati ya mitego iliyomnasa, tafuta wastani, gawa kwa mbili, na ongeza upana huo kila upande. Wastani ukiwa mita 80, unaongeza mita 40, mraba unakuwa wa mita 260 na eneo hekta 6.76. Msongamano unashuka hadi 2.8. Kwa wastani wa kilo 1.1, hizo ni kilo 3.1 za mnyama mbichi kwa hekta. Mwili wa mamalia ni maji kwa takribani asilimia 70, kwa hiyo uzito mkavu ni kilo 0.9 hivi.

Upande wa mafunjo, tuseme una mashina hai 14 kwa mita ya mraba na wastani wa gramu 150 kavu kwa shina. Hizo ni kilo 2.1 kwa mita, yaani kilo 21,000 kwa hekta. Tofauti ni zaidi ya mara 20,000.

Usiishie hapo ukasema mafunjo "yamefanikiwa" kuliko panya. Mafunjo hutengeneza chakula chake kwa jua, tena kwa aina ya usanisinuru iitwayo C4 inayofanya vizuri sana penye joto na mwanga mwingi, ilhali panya anaishi kwa matunda, mbegu na wadudu, na nishati nyingi ya anachokula hupotea kama joto la mwili. Pengo la uzito linaonyesha nafasi ya kila mmoja katika mnyororo wa chakula. Ukitaka kumlinganisha panya na mmea kwa haki zaidi, nenda kwenye muda.

Muda wa kupungua nusu

Hiki ndicho kipimo ninachokipendelea, kwa sababu hakijali ukubwa wa mwili. Funga utepe wa plastiki wenye namba kwenye machipukizi 60 yasiyozidi sentimita 20, na uyakague kila siku 14. Wakati huo huo fuatilia panya 30 wenye chipu kwa kutega usiku mitatu kila mwezi. Kwa kila upande tafuta siku ambayo nusu ya wale wa mwanzo hawapo tena. Sasa una siku dhidi ya siku.

Kila upande una mtego wake wa kufikiri. Shina la mafunjo likikauka, mmea haujafa. Rizomu iko hai chini na inatoa jingine. Panya asipoonekana, si lazima awe amekufa. Kijana huhama, na mkubwa huweza kuchoka na mitego. Tenga wachanga na watu wazima, na upande wa panya andika "walioondoka" badala ya "waliokufa". Waliojifunza kuogopa mitego hupunguza idadi ya wanaorudi, hivyo makadirio ya idadi hupanda kwa uongo. Waliopenda ndizi hufanya kinyume chake. Ukiona panya wale wale wanne kila asubuhi, badilisha chambo na uhamishe mitego yao mita 2.

Baada ya panga na mbwa

Kwa swali la tatu unahitaji eneo lililoguswa na lisiloguswa, na vipimo vya kabla na baada kwa yote mawili. Mafunjo yaliyokatwa juu ya rizomu huchipua tena. Yaliyochomwa wakati zulia limekauka, au kuchimbwa na rizomu zake, ni habari nyingine, basi andika namna ya uvunaji kwa usahihi. Panya waliowindwa kwa mbwa au kufukizwa mashimoni hurudi kwa njia mbili, kuzaliwa na kuhamia. Chipu na uzito vitakusaidia kuzitenganisha: mtu mzima asiye na alama, wiki chache baada ya uwindaji, huenda ni mhamiaji. Kipimo cha pamoja ni idadi ya wiki mpaka eneo lililoguswa lifikie asilimia 90 ya lisiloguswa.

Kwenye jedwali la ripoti weka, mbele ya kila namba, kama uzito ni mkavu au mbichi, wa juu ya maji tu au wote, eneo la gridi tupu au lenye ukanda ulioongezwa kila upande, na idadi ya usiku-mtego: mitego 49 kwa usiku 6 ni 294, ukitoa iliyofungwa kwa ajili ya siafu au iliyojifyatua yenyewe. Weka pia kiwango cha makosa kwa pande zote mbili. Upande wa panya utakuwa mpana zaidi, kwa sababu wanyama 5 waliorudi ni wachache. Ukitaka kuupunguza, ongeza gridi ya pili mita 500 kutoka ya kwanza badala ya kuongeza usiku kwenye ile ile.